Nne, Saa Tisa

Ukitaka kumuudhi Phelister Khavere, mkatie neno. Mwambie "D.C. amefika," atakuuliza "Nani?" mpaka useme Mkuu wa Wilaya. Mwandikie J'tano kwenye karatasi ya zamu, atachukua kalamu aijaze iwe Jumatano, na tarehe, na mwezi. Watoto wa mtaa wetu wa Skuta walimcheka, wakamwita Mama Mzima Mzima. Watu wazima nao wakasema ni kiburi cha watu wa magharibi, ati wanapenda maneno marefu. Wajinga. Mimi naitwa Wakonyo, nilikaa naye kiti kwa kiti kwenye chumba cha simu cha posta pale Nyeri, na chumba kwa chumba pale Skuta, kwa hivyo usiniambie habari za kiburi. Hakuanza hivyo; kaa hapo nikueleze.

Wakati huo simu ilikuwa kazi ya watu. Hukuwa unazungusha namba ukampata mtu wa Kiriaini hivi hivi. Uliinua mkono wa simu, mmoja wetu akakuuliza "Nambari?", akachomeka kamba kwenye ubao, akamwita mwenzake wa Kiriaini, na huyo wa Kiriaini ndiye aliyekutafutia mtu wako. Tulikuwa wanawake watano kwenye ubao mmoja, hedifoni kichwani, mgongo umenyooka. Nyuma yetu alitembea supavaiza, Mzee Hezekiah, na viatu vyake vinavyolia kwi kwi. Sheria yake ilikuwa moja: laini ni ya mteja, si ya porojo. Alikuwa na hedifoni yake mwenyewe, na aliweza kuichomeka popote akakusikiliza bila wewe kujua.

Na tulikuwa watu wa herufi. Uhuru ulikuja na bendera, na nyuma ya bendera zikaja herufi. Mtu hakuwa mtu mpaka awe D.O., au O.C.S., au angalau H.M. wa shule ya msingi. Vikombe vyetu vya kazini, taulo, hata vijiko, vilipigwa muhuri wa E.A.P.&T., shirika letu la posta na simu la Afrika Mashariki. Mume wangu, alipokuwa hai, alisema hiyo T ya mwisho ni chai, ndiyo sababu hatuachi kunywa. Mimi nilizaliwa kanisa la P.C.E.A. nikaolewa la A.I.P.C.A., na mama mkwe akasema nimeongeza herufi moja na sijaongeza akili. Kwenye ubao tulikuwa na zetu. Hakuna jibu ilikuwa H.J. Laini mbovu, L.M. Mteja amekasirika, M.A., na hiyo tuliitumia sana.

Phelister alitoka Maragoli na sanduku la bati na cheti kizuri cha simu. Alikuwa amevuka miaka thelathini, hana mume, hana mtoto. Pale Skuta alikuwa peke yake kabisa. Akifika kwenye mfereji wa maji, wanawake wetu walimsalimia vizuri kwa Kiswahili, halafu wakarudi kwenye Gikuyu yao, naye akasimama na ndoo yake akiangalia maji. Kanisani alijua tuni ya kila wimbo na maneno hakuyajua. Jioni alipika ugali kwenye sufuria ndogo kama ya kuchemshia dawa. Mimi nilimwita kwangu mara nyingi, lakini nilikuwa na watoto wanne na kelele, na mtu akiwa mpweke kelele za wenzake humchoma zaidi.

Kuna siku za mapumziko alizokuja kazini akae tu kwenye benchi, avae sweta, asikilize. Nilimuuliza, "Kwani huna nyumba?" Akasema, "Nyumba iko, Wakonyo, lakini haisemi." Hebu fikiria. Kutwa nzima unaunganisha watu, huyu anaulizia ng'ombe, huyu anabembeleza mke, huyu anatangaza amepata mtoto wa kiume, na wewe katikati hakuna hata mmoja anayekuulizia hali. Mimi nilikuwa nikienda nyumbani nasahau. Yeye alikuwa anaenda nayo.

Halafu akaja Theuri.

Theuri alikuwa kwenye ubao mdogo wa Kiriaini, kule Murang'a kwenye majani chai, ambako baridi inaingia mpaka kwenye meno. Hatukumwona. Tulimjua sauti tu, sauti nzito, ya polepole, ya mtu anayefikiri kwanza. Siku moja Phelister alimpitishia mteja, na kabla Theuri hajatoka kwenye laini akasema, kwa sauti ile ile ya kazi, "Nyeri, U.S.?"

Phelister akapekua kichwani. Hakukuwa na U.S. kwenye herufi zetu. Akauliza, "Kiriaini, rudia."

"U.S. Umeshiba?"

Nilimwona akishika hedifoni kwa mikono miwili. Miaka mitatu Nyeri, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kama amekula. Akajibu, "Bado." Theuri akasema, "L.M.," kumbe anamwambia lo, maskini. Siku hiyo alirudi Skuta akapika ugali wa watu wawili akanigongea mlango nimsaidie kuumaliza.

Basi wakaanza. Mzee Hezekiah akichomeka hedifoni yake anasikia herufi tu, anadhani ni kazi. B.M., baridi mno. C.T., chai tayari. M.A. ikawa Mzee Anasikiliza, na ikisemwa wote wawili wanakauka kama mbao. Sisi wengine kwenye ubao tulijua, na tulinyamaza. Ukiuona uso wa mtu umefunguka namna ile, unaufunga vipi?

Lakini Kiswahili kina ubaya wake, na ubaya huo Phelister aliugundua kabla yangu. Ukijisema wewe mwenyewe, kila kitu kinaanza na N. Nimechoka, N. Naumwa, N. Naenda kulala, N. Jioni moja Theuri alimaliza zamu akasema, "Nyeri, N.," halafu akafunga. Eh, wiki hiyo sikulala. Kila tukikaa ananiuliza, "Wakonyo, N ni nini?" Nikamwambia labda ni njaa. Nikamwambia labda ni nimonia, kule kuna baridi. Akanipiga na taulo la E.A.P.&T. Mwishowe alijipa moyo, akangoja jioni, akasema, "Kiriaini, N. pia." Upande wa pili Theuri akacheka, na kicheko chake nilikisikia mimi kutoka kwenye kiti changu.

Iliendelea hivyo zaidi ya mwaka, na hawakuonana. Kutoka Nyeri hadi Kiriaini si safari ya kulala njiani, lakini zamu zao zilipishana, na ukweli ni kwamba wote wawili waliogopa. Mtu wa sauti akiwa na sura, huwezi kujua. Nilimwambia Phelister, mficha uchi hazai. Akasema, "Tutaonana tu." Hiyo "tu" yao ndiyo iliyowamaliza.

Jumamosi moja asubuhi ubao ulikuwa umewaka kote, wateja wamekasirika, na Mzee Hezekiah amesimama nyuma ya Phelister hasa, kwi kwi, hedifoni mkononi. Theuri akaita kutoka Kiriaini. Akasema haraka, kwa sauti ya kazi, "Nyeri, pokea taarifa. Kiriaini anahamishwa Marsabit, anakabidhi leo. Atapita Nyeri. K.M. Nne. Saa tisa. Umepata?"

Phelister akasema, "M.A.," kumwonya. Theuri akarudia, "K.M. Nne. Saa tisa." Phelister akasema, "Nimepata." Theuri akafunga. Mchana tulipoita Kiriaini, alijibu kijana mwingine, sauti ya juu kama filimbi.

K.M. haikuwa na shida. Kwa Moffat. Ilikuwa hoteli ndogo karibu na stendi, chai na mandazi, na Theuri aliwahi kusema amekula hapo. Hiyo nne ndiyo tuliyoikalia jioni, mimi na yeye, kwenye kitanda chake pale Skuta.

"Jumanne," nikasema. "Ni nini kingine?"

"Kwetu nne ni Alhamisi," akasema. "Sisi tunahesabu kazi. Jumatatu ni siku ya kwanza, Jumanne ya pili, Jumatano ya tatu, Alhamisi ya nne. Mimi nilipoanza kujifunza Kiswahili shuleni nilipigwa viboko kwa hiyo Jumanne. Nilimuuliza mwalimu, nne kutoka wapi? Akaniambia kutoka Jumamosi. Mimi nikashangaa ni kazi gani inaanza Jumamosi."

Tukacheka. Nikamwambia, "Hiyo ya kwenu wacha kwenu. Theuri ni mtu wa huku. Mtu wa huku akisema nne ni Jumanne."

"Ndiyo," akasema. "Nne yake ni Jumanne. Ni lazima nimfuate yeye." Akatoa gauni la maua kwenye sanduku la bati, gauni ambalo sikuwahi kuliona, akaanza kulipiga pasi.

Jumanne alibadilishana zamu na mimi. Alienda kwa Moffat mapema, akachagua meza ya pembeni inayoangalia mlango. Nyuma ya kaunta alikuwa mke wa Moffat, maana Moffat alikuwa ameenda Kagio kununua mchele na nyanya. Saa tisa ikafika, ikapita. Wanaume waliingia, na kila anayeingia Phelister alimtazama usoni akimtafuta mtu ambaye hajui sura yake, na baadhi yao wakadhani mengine. Chai ikapoa, akaagiza nyingine. Mvua ikaja, ikaisha. Walipoanza kuweka viti juu ya meza akaondoka.

Nilimkuta nyumbani amekaa gizani na gauni lake. Hakulia. Akasema, "Nadhani aliniona dirishani akaenda zake." Nikasema upuuzi, gari limeharibika, barabara ya Kiriaini ni matope matupu. Akasema, "Mtu wa simu gari likiharibika anatafuta simu."

Kwa hiyo nikamwambia piga wewe. Marsabit iko, watu wa huko wanaongea na dunia kama sisi. Eh, alinigeukia na macho ambayo sikuyajua. "Mwanamke apige simu kuuliza mbona hukuja? Mbele ya Hezekiah?" Nikamwambia kiburi hakichemshi chai. Akanitoa nje ya chumba chake, mimi Wakonyo, rafiki yake wa pekee. Tulikaa siku nyingi bila kuongea isipokuwa nambari.

Mimi pia nilikasirika. Nilimkasirikia Theuri, nikamlaani na sauti yake nzito, nikasema wanaume wa Murang'a ni hivi na vile, ingawa mume wangu alitoka hapo hapo. Phelister alikonda. Alizunguka na barabara ya juu ili asipite mbele ya hoteli ya Moffat. Miezi ikapita. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, vikombe vya E.A.P.&T. vikachukuliwa tukaletewa vingine vya herufi mpya, na yeye akawa mtu wa kuja kazini na kurudi tu.

Mvua ya masika ya mwaka uliofuata ndiyo iliyotuingiza kwa Moffat. Tulikuwa tumetoka zamu, mbingu zikafunguka, nikamshika mkono nikamvuta ndani kwa nguvu kabla hajakataa. Moffat mwenyewe ndiye aliyetuletea chai. Alikuwa mtu mnene, mwenye maneno, na akaona beji zetu.

"Nyinyi ni wa simu," akasema. "Kuna mutu wa simu alikaa hapa siku moja, mwaka jana, nikamuonea huruma. Mrefu hivi, na sanduku ya mbao. Alikuwa anahamia Marsabit. Alikaa kutoka saa tisa mpaka tukafunga. Aliagiza chai mbili. Moja akafunika na kisahani, ati ni ya mama wa simu. Kila saa ananiuliza, hajakuja? Namwambia, leo hajakuja."

Phelister aliweka kikombe chini polepole.

"Siku gani?" akauliza.

"Aramisi. Nakumbuka kwa sababu Aramisi naletewa nyama, na nikamwambia kula nyama ndugu yangu, akakataa. Alisema atakula na yeye."

Moffat akaitwa jikoni. Phelister hakusogea. Midomo yake ilikuwa inahesabu, naiona mpaka leo, Jumatatu, Jumanne, Jumatano.

"Nilimwambia mara moja tu," akasema. "Ile wiki mvua iliangusha nguzo na wateja hawakupatikana. Nilimwambia vile tunahesabu siku kwetu. Nilidhani amesahau, Wakonyo. Alihesabu ya kwetu."

Hapo ndipo alipolia, na alilia akicheka, mpaka watu wakageuka. Mimi pia nililia, sioni haya. Mtu mmoja katika nchi hii nzima alijifunza kuhesabu siku kama mama yake Phelister, halafu akaketi kwa hesabu hiyo mpaka hoteli ikafungwa. Na sisi kwa akili zetu nyingi tulimhesabia ya kwake. Jumanne yeye alikuwa bado kwao Kiriaini anafunga sanduku. Alhamisi, Phelister alikuwa kwenye ubao, mita chache kutoka kwenye hiyo chai iliyofunikwa, anawaunganisha watu wengine.

Nikasema, lakini huyo mwanaume naye, posta yetu ilikuwa ng'ambo ya barabara, angevuka. Phelister hakutaka kusikia. "Angevuka vipi," akasema, "na amengoja hivyo na mtu hakuja? Mimi mwenyewe ningevuka?" Na kweli, yeye naye hakuvuka; hakupiga simu Marsabit.

Jioni hiyo alinunua nyama. Alipika, akaita watoto wangu wote wanne, akaimba nyimbo za kwao akiwafundisha kupiga makofi. Wanawake wa mfereji walichungulia mlangoni akawaambia waingie. Alikuwa mrembo, nakuambia, na miaka yote hiyo sikuwa nimeona. Akanitangazia kwamba kesho atapiga simu Marsabit, na Hezekiah akitaka amfukuze kazi.

Marsabit ilipatikana kwa redio, asubuhi, kwa zamu, na laini ilikuwa na mngurumo kama maji ya mto. Ule mngurumo unakula herufi. Ukisema N mwenzako anasikia M, ukisema M anasikia upepo. Lazima useme neno zima, na lazima upaze sauti. Phelister aliomba nafasi ya mwisho kwenye zamu ile. Mzee Hezekiah alimuuliza ni mteja gani. Akasema, "Ni mimi." Sijui Hezekiah aliona nini usoni mwake, maana alikaa kwenye kiti chake, kwa mara ya kwanza viatu vikanyamaza. Tukaacha kamba zetu. Taa za wateja zikawaka na hatukuzijibu.

"Marsabit, hapa ni Nyeri," akasema. "Nataka Theuri."

"Ni mimi." Sauti ile ile, nzito, ya polepole. Alikuwa ameitambua sauti ya Phelister, kwa sababu hakuuliza ni nani.

"Theuri, nilikuja Jumanne," akapaza sauti. "Nilikuja kwa Moffat Jumanne, saa tisa. Nilihesabu ya kwenu."

Mngurumo ukaendelea. Halafu akasema, "Mimi nilikuja Alhamisi."

"Najua. Moffat ameniambia jana. Theuri, ningekuja Alhamisi. Ningekuja siku yoyote."

Nilikuwa nimemshika Phelister bega, na nakuapia, alikuwa bado ana furaha. Theuri akasema kitu, mngurumo ukapanda juu yake, lakini mimi nilikisikia. Phelister alikisikia. Sote tulikuwa na hedifoni.

"Rudia," Phelister akasema. "Marsabit, rudia. Sijasikia vizuri."

Na Theuri ikabidi apaze sauti, neno kwa neno, kwa ubao mzima wa Nyeri na kwa yeyote mwingine aliyekuwa kwenye hewa asubuhi ile: "Nimesema nimeoa, Phelister. Nilienda nyumbani Desemba, mama akanitafutia msichana. Nilidhani ulikataa. Sasa niko na bibi na yuko na mimba."

Phelister alinyoosha mgongo kama tulivyofundishwa. "Sasa nimesikia," akasema, "asante, Marsabit," na akachomoa kamba.